Mtini wa Desert King: nilitaka kuwaambia msinunue

Lebo iliyofungwa kwenye mche wangu ilikuwa na maneno machache: jina la aina, Desert King, na chini yake "huzaa mara mbili kwa mwaka". Mimi nililipia yale ya chini. Anayefikiria kununua mtini huu ayasome maneno hayo polepole kabla hajatoa pesa, kisha amuulize muuzaji swali moja tu: hilo zao la pili linaiva, au linatoka tu?

Maana kuzaa unazaa. Hapo hakunidanganya. Unazaa hadi aibu.

Ngoja niseme mazuri kwanza kabla hasira haijanipanda. Mche ulikuja na tawi lililokwisha kukomaa tangu mwaka uliotangulia, na kwenye tawi hilo ndiko yalikotokea matunda ya mwanzo wa msimu, yale ambayo wapenzi wa mitini huyaita breba. Yalikuwa machache. Niliyachunga kuliko nilivyowahi kuchunga kitu chochote bustanini, kwa sababu tini ukiichuma mapema umeipoteza: italainika kidogo ndani ya nyumba lakini utamu hauongezeki, unabaki na ladha ya jani. Basi nikavumilia. Shingo ya tunda ikalegea, likainamisha kichwa. Ngozi ya kijani ikaanza kuchanika mistari myembamba myeupe. Kwenye kile kitundu cha chini pakatokea tone moja zito linalong'aa, likaning'inia hapo bila kudondoka. Nilipolishika tunda lilinijia lenyewe mkononi, na kikonyo hakikutoa hata tone la utomvu mweupe.

Nikalipasua kwa vidole. Nje kijani, ndani jekundu la kukoza, limelowa. Nilitegemea utamu mzito wa tini za kukaushwa, ule unaokukinaisha ukifika la tatu. Sivyo. Utamu ulitangulia, halafu ukaja uchachu kidogo unaousafisha ulimi, kisha harufu ikapanda puani nikiwa nimeshameza. Nilikula na ngozi yake, nimesimama palepale, nikatafuta jingine. Kama tathmini hii ningeiandika jioni ile ingekuwa ya nyota tano na mistari miwili, na wala msingejua yaliyobaki.

(Kwa wale wasiogusa tini kwa kuogopa kula nyigu, maana wamesikia kuna nyigu huingia ndani ya tunda: kuleni kwa amani. Breba ya mti huu inakua bila mdudu yeyote kuingia. Tena afadhali angeingia, mtaona kwa nini.)

Baada ya breba kwisha, machipukizi mapya yakapanda kwa kasi na kila kwapa la jani likatoa tunda. Kila kwapa! Nikawa naalika watu kwa mdomo, nikiwaambia wakae mkao wa kula. Matunda yakafika ukubwa wa gololi, yakasimama. Siku zikaenda, hayaongezeki. Kisha moja likageuka njano, ngozi ikanywea, nikaligusa likaanguka. Kesho yake mengine. Ikafika nikipita karibu na mti nasikia tap, tap, kwenye sakafu. Nililikata moja katikati kwa kisu: ndani lilikuwa kavu, vinyuzi vya maua vimesinyaa vimekuwa rangi ya karatasi kuukuu, hakuna unyevu hata wa kulowesha ncha ya kisu. Yakaisha yote. Sikuvuna hata la kuonja.

Nikampelekea muuzaji picha. Nilikuwa na adabu, nawaapia. Nikamuuliza kama kuna mbolea naikosa au ugonjwa. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake mtu anacheka: "Dada yangu, unazidisha maji." Nikapunguza maji, yakaanguka. Nikamwambia. Akasema sasa nimepunguza mno. Nikamwambia nimejaribu yote mawili. Hapo ndipo aliponipa neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka napandwa: "Mtini unataka mtu mwenye subira. Kama umekushinda, panda maua ya plastiki."

Maua ya plastiki. Mimi, niliyekaa nasubiri tunda liiname.

Laiti angeishia hapo. Aliongeza ushauri, bure kabisa, kama fidia: majani yakishapukutika yote nikate matawi yote, nibakize vishina vya shibiri moja, "mwakani utashangaa". Nikakata. Yeye si ndiye mtaalamu? Utomvu ulinirukia mikononi nikiwa juani, na wenye mitini wanajua kinachofuata: utomvu wa mtini ukikutana na jua juu ya ngozi unaunguza, nikatoka malengelenge na madoa yaliyochukua muda mrefu kufutika. Tawi moja tu lilisalimika, lililokuwa limejificha nyuma ya ukuta ambako mkasi wangu haufiki.

Na kweli mwakani nikashangaa. Vishina vyote nilivyovikata vilitoa majani makubwa, mazuri, bila breba hata moja. Lile tawi la nyuma ya ukuta ndilo peke yake lililobeba, na lilibeba kwa kujaa. Kisha msimu ukasonga, machipukizi mapya yakajaa tini kila kwapa, na mnajua mwisho wake. Tap, tap.

Hapo ndipo nikaacha kumsikiliza yeye nikaanza kuusikiliza mti, nikasoma na kuuliza wanaofahamu. Jambo lenyewe si siri ya mtu. Mitini ya kulimwa si ya namna moja. Mingi inayopendwa majumbani, kina Brown Turkey, Celeste na Violette de Bordeaux, huivisha matunda bila kuchavushwa. Ile ya Smyrna haiivishi zao lake kuu mpaka nyigu mmoja mdogo, Blastophaga psenes, wa milimita mbili hivi, aingie kwa kile kitundu akiwa amebeba chavua kutoka mtini dume. Na katikati kuna kundi la San Pedro, ambalo Desert King ni mmoja wao: breba huiva yenyewe, zao la pili linamtaka nyigu. Pasipo na nyigu huyo na mtini dume wa kumlea, zao la pili hudondoka, ukimwagilia maji, ukinyima maji, ukiusomea mti dua. Na kwa kuwa breba hutoka kwenye tawi la mwaka uliopita, ukikata matawi yote umelifyeka zao lako pekee kabla halijazaliwa.

Soma tena ushauri niliopewa. Mtu ameniuzia mti wenye zao moja la kutegemewa, kisha akaniambia nilikate.

Na asije akasema ni elimu mpya. Wagiriki wa kale walikuwa wakitundika matawi ya mtini mwitu, ndio huo dume, kwenye mitini yao ili wadudu wahamie huko, na Aristotle aliandika habari za wadudu hao. Wakulima wa California katika miaka ya 1880 waliagiza vipandikizi kutoka Smyrna, ndiyo Izmir ya leo, wakapanda, miti ikastawi, matunda yakaanguka mwaka baada ya mwaka. Wapo walioamini kabisa kuwa wauzaji wa kule wamewapelekea vipandikizi feki kwa makusudi ili wasipate mshindani. Ilibidi nyigu aletwe, na alipofanikiwa kuweka makazi Fresno mwaka 1899, matunda yakakaa mtini na kuiva. Ndizo tini zilizokuja kuitwa Calimyrna. Watu wale nawaelewa sana. Tofauti ni kwamba muuzaji wa Smyrna walimshuku bure. Wangu mimi simshuku bure.

Najua kwa sababu nilimwendea mwenyewe, ana kwa ana, na lile tawi nikalipeleka kwenye picha. Nilitegemea atakataa, ili nimweleze. Hakukataa. Aliendelea kujaza udongo kwenye viroba vyake, wala hakuinua uso, akasema: "Ningekwambia zao la pili halikai, ungenunua?"

Kumbe alikuwa anajua! Wakati wote ule wa "unazidisha maji", alikuwa anajua. Nilikosa la kumjibu nikaondoka, na njia nzima nilikuwa natunga majibu.

Jibu ndilo linalonikera kuliko maua ya plastiki. Ndiyo, ningenunua. Angenionjesha ile breba moja akaniambia, "Dada, utapata hii mwanzoni mwa msimu, na baada ya hapo mti unakupa majani tu, usiukate hovyo," ningetoa pesa ileile na kumshukuru juu. Wapo watu wanaoutafuta mti huu kwa sababu hiyohiyo. Oregon na Washington, majimbo ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako joto la kiangazi halitoshi kuivisha zao la pili la aina nyingi, Desert King unasifiwa sana kwa sababu breba zake ni nyingi, kubwa na zinawahi. Huko hakuna anayelilia zao la pili. Kasoro niliyoililia mimi miaka yote hiyo, mwenzangu haioni hata ilipo.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa na kichwa kimoja tu: msinunue. Nimefika hapa nashindwa. Mti haukunikosea kitu. Ulifanya kila ambacho aina yake hufanya, hata nilipoukata bila huruma ukarudi. Ukiwa na nafasi ya mtini mmoja tu na unataka kuchuma kidogo kidogo kwa muda mrefu, basi huu si wako, tafuta aina ya kawaida. Ukiwa na nafasi ya miwili, uwe wa kwanza. Pogolea kidogo, baada ya kuchuma breba: toa matawi yanayosongana na yaliyokufa, mengine yaache yakomae, maana hayo ndiyo chakula cha mwakani. Zile tini za pili zikianza kutokea, mimi siku hizi nazinyofoa zingali ndogo, mti usihangaike nazo. Inauma mara ya kwanza. Baadaye unazoea.

Tawi moja nimelibebesha, yaani nimeliunganishia, kijitawi cha Violette de Bordeaux nilichopewa na mpenzi mwingine wa mitini, naye alinieleza kila kitu bila kuulizwa, mpaka na tabia ya mchwa wa kwao. Kijitawi kimeshika. Tutaona.

Nyota nne. Mwanzo nilikuwa nimeweka mbili, nimezibadilisha baada ya kutoka nje na kurudi na breba mbili za msimu huu, moja bado iko mkononi, mnisamehe nikikosea herufi. Na kama muuzaji anasoma hapa: ile nyota ya tano ni wewe uliyeila.