Uzoefu wangu: kupaka koili za AC rangi ya kinga, Kigamboni ufukweni

Nina vyumba vinne vya kulaza wageni Kigamboni, baharini ni hatua kama mia mbili tu, upepo ukivuma pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha halafu kirambe, ni chumvi tupu. AC ya kwanza ilinifia ndani ya miaka miwili. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, ilikuwa nzima, umeme upo, kilichokufa ni koili ya nje, yale mabomba ya kopa ya kutolea joto, mabati yake membamba ya alumini yaligeuka unga mweupe, ukigusa yanamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai.

Kinachoniuma mpaka leo, kabla ya hapo nilishajaziwa gesi mara tatu. Fundi anakuja, hata geji ya kupima presha hafungi, anashika bomba kwa mkono, "gesi imepungua bosi", elfu themanini hiyo, wiki mbili baridi hamna tena. Kumbe gesi ilikuwepo! Alumini inaanza kuliwa pale inapokumbatia bomba la kopa, maji ya chumvi yakikaa katikati ya hizo metali mbili inakuwa kama betri, na inayoliwa ni alumini. Kwa nje unaona mabati yamesimama vizuri ila hayashiki bomba tena, joto halitoki, presha inapanda, kompresa inakata, sasa mtu akija kuongeza gesi juu yake ndo anazidi kuiua. Fundi wa pili alinionyesha, akachomeka bisibisi akasukuma kidogo tu, mabati yakadondoka kama majani makavu. Nilikaa chini aisee.

Huyo wa pili ndo akaniambia habari ya kupaka. Siyo rangi ya dukani, ni poliyurethani yenye unga wa alumini ndani ili isizuie joto kutoka, inapulizwa nyembamba mno, alisema maikroni 25 mpaka 30, yaani unywele ni mnene kuliko hiyo. Laki na themanini kwa AC moja. Nikaona ghali, ila mpya ni zaidi ya milioni, nikasema haya.

AC ya chumba namba moja aliipaka ikiwa mpya kabisa. Aliifungua ndani, siyo nje kwenye vumbi, akaiosha hivyo hivyo japo mpya (kiwandani huwa kuna mafuta), akanyoosha mabati na kitana chake, akaacha ikauke, akapuliza pande zote mbili huku anamulika tochi upande wa pili kuona kama rangi imepenya. Mwaka wa tatu huu. Juzi nimemulika mwenyewe, safi, pembeni tu karibu na skrubu pameanza weupe kidogo.

Ya chumba namba mbili nilijiponza. Yule fundi alisafiri, nikachukua mwingine wa elfu tisini, na AC ilikuwa imeshakaa nje mwaka mzima. Kijana akaiosha kwa maji ya kisima! Kisima chetu hata sabuni haitoi povu, akaacha nusu saa juani akapuliza. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikusema kitu. Miezi minane rangi ikaanza kubabuka kama ngozi iliyoungua jua, ukibandua unakuta unga mweupe chini yake, chumvi aliifungia ndani mwenyewe.

Jirani yangu yeye alipaka rangi ya bati kwa brashi, ikaziba nafasi zote, AC ikawa inapiga kelele kama inachinjwa. Sitasema zaidi.

Halafu wauzaji wanakwambia "hii ina fini za bluu haili kutu", fini ndo hayo mabati membamba. Ile bluu ya kawaida kazi yake kubwa ni kuteremsha maji haraka, kinga ipo ila ni nyembamba sana kwa mtu wa ufukweni. Ya namba moja nayo ilikuwa ya bluu na bado nikapaka.

Malalamiko yangu: muuzaji alisema ukipaka waranti imekufa, na pia kupaka hakukuondolei kuosha, mimi namwagia maji ya bomba kila mwezi, kwa presha ndogo, na ile dawa kali ya kusafishia koili nimepiga marufuku maana inakula mpaka rangi.

Ya namba tatu nimenunua mpya, ipo kwenye boksi sebuleni, wageni wanaiegemea. Yule fundi aliyepaka namba moja karudi, anakuja Jumamosi, na ndoo za maji ya bomba nimeshajaza.