Bar mleczny ya Łódź: hapa wananiacha nimalize sentensi yangu ya Kipolandi

Naandika haya kwa Waswahili wenzangu mlioko mji wa Łódź, hapa Poland, na mnaojiandaa kuja kusoma, kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, hivi Wapolandi wanakuchukuliaje ukiongea lugha yao?" Jibu langu lina mahali pake. Ni bar mleczny moja ndogo kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Piotrkowska. Naipa nyota zote tano, kwa chakula na kwa mazungumzo.

Kwa wasiofahamu, bar mleczny si baa ya pombe. Ni mgahawa wa bei nafuu wa vyakula vya maziwa, unga, mayai na mboga. Wa kwanza ulifunguliwa Warsaw mwaka 1896 na Stanisław Dłużewski, mtaa wa Nowy Świat. Enzi za ukomunisti ikaenea nchi nzima, na hadi leo serikali hutoa ruzuku kwa vyakula visivyo na nyama, ndiyo maana mwanafunzi na mzee wa pensheni wanakutana kwenye foleni moja. Utaratibu ni huu: unasoma ubao ukutani, unamwambia keshia unachotaka, unalipa, unapeleka risiti kwenye dirisha la jikoni, kisha unasubiri mpishi aite chakula chako kwa sauti. "Ruskie! Pomidorowa!" Pierogi za viazi! Supu ya nyanya! Kila hatua inataka mdomo na masikio. Hii ninayoisema mimi haina skrini ya kubonyeza wala menyu ya Kiingereza.

Lugha yenyewe nilianza kuifundishwa Studium ya Chuo Kikuu cha Łódź, shule iliyokuwa ikiwafundisha wageni Kipolandi tangu 1952, wakiwemo Waafrika wengi waliopita kabla yetu. Walimu walinipa msingi mzuri: nomino zinazobadilika katika hali saba, namna ya kumwita mtu pan (bwana) au pani (bibi), vitenzi vinavyokuja viwili viwili. Shida ilianza nilipotoka nje ya darasa. Nilikuwa na lugha mkononi na sikupata mtu wa kunipokea.

Mfano ni mgahawa mmoja wa kahawa katikati ya mji. Niliagiza "Poproszę dużą kawę z mlekiem," naomba kahawa kubwa yenye maziwa, sentensi iliyonyooka kabisa. Binti wa kaunta akanijibu kwa Kiingereza. Nikaendelea kwa Kipolandi, naye akaendelea kwa Kiingereza, anatabasamu muda wote. Nililipia kahawa yangu kwa lugha ambayo si yake wala si yangu. Vijana wa Poland wanasoma Kiingereza tangu shule ya msingi, na wengi wakiona uso wa kigeni wanaamini wanakupunguzia mzigo. Nauheshimu wema huo. Lakini mtu akikupunguzia mzigo huo kila siku, miaka itapita na ulimi wako utabaki palepale.

Kuna wengine, hasa watu wazima, ambao kwao "Dzień dobry" tu inatosha. "Ale pani pięknie mówi po polsku!" Jinsi unavyozungumza vizuri! Pongezi hizo ni za kweli, sijawahi kuzitilia shaka. Wapolandi wengi wanaamini lugha yao ni ngumu kuliko zote, na hawategemei mgeni ajisumbue nayo. Ila baada ya pongezi mazungumzo huwa yanafuata njia ileile: unatoka wapi, umeolewa na Mpolandi, kwa nini Kipolandi na si Kijerumani. Halafu unaombwa useme kile kitanza ndimi cha mbawakawa wa Szczebrzeszyn, mji ambao umemjengea mdudu huyo sanamu. Ukikisema, meza nzima inapiga makofi, na mazungumzo yanaishia hapo. Hunishangaza kidogo, kwa sababu Mwafrika anayesema Kipolandi si jambo geni tena nchini humu. John Godson, mzaliwa wa Nigeria, aliingia bungeni mwaka 2010 akitokea Łódź hii hii, na mwaka uliofuata akachaguliwa Killion Munyama, mzaliwa wa Zambia. Wote wawili walikuwa wakijadili sheria kwa Kipolandi.

Sasa turudi kwenye bar mleczny yangu. Keshia ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, hacheki ovyo. Siku za mwanzo nilimwambia, "Poproszę zupa pomidorowa," naomba supu ya nyanya, bila kubadilisha miisho ya maneno. Akainua macho. "Zupę pomidorową," akasema, kisha akanyamaza, kidole kikiwa juu ya mashine. Nikarudia kama alivyosema. Ndipo akabonyeza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni hadi mlangoni na wala hakuharakisha. Hakunipongeza, hakunihurumia, hakukimbilia Kiingereza. Alinisahihisha tu, kama anavyomsahihisha mteja anayetaja sahani iliyokwisha. Katika namna zote ambazo watu wa hapa wamepokea Kipolandi changu, hiyo naiweka juu kabisa. Mtu anayekusahihisha ameamua kwamba utarudi.

Baadaye akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nikimsikia akiwauliza wazee wa mtaa: "Mogę być winna grosika?" Yaani hana chenji ya grosz moja, ile senti ya zloti, pesa ya Poland, anaomba abaki na deni langu. Hesabu ndogo kuliko zote duniani, lakini nilifurahi mno. Mtalii haombwi deni.

Dirishani kuna mpishi kutoka Ukraine, na huyu ndiye ninayewashauri wanaoanza waanze naye. Kipolandi chake amejifunza ukubwani, kwa hiyo hutamka neno moja moja, wazi, na ukikwama anasubiri. Yeye ndiye aliyenizoesha kusema "bez skwarek." Ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, shikeni maneno hayo mawili kabla ya mengine yote. Pierogi ni vifuko vya unga vilivyojazwa na kuchemshwa; ruskie zenyewe zina viazi, jibini nyeupe na vitunguu, lakini mara nyingi hunyunyiziwa skwarki, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Nikisema bila skwarki, yeye huuliza, "Z masełkiem?" Na siagi? Nami najibu kwa furaha kwamba ndiyo.

Tuna faida moja sisi. Kipolandi, kama Kiswahili, hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdundo wa sentensi tunaupata mapema kuliko wageni wengi, na irabu zake hazitusumbui sana. Konsonanti zinazorundikana ndizo zinazotaka mazoezi, na ubao wa bar mleczny umejaa hizo: barszcz (supu ya bitiruti), naleśniki, placki ziemniaczane (chapati za viazi). Utazitamka mbele ya watu wenye njaa, na hilo linafundisha upesi.

Chakula chenyewe ni cha kawaida na kizuri. Naleśniki ni chapati za maji hasa, zimejazwa jibini tamu na kumwagiwa krimu. Pierogi ni laini, hazijawahi kuja baridi. Supu ya nyanya huja na wali au tambi, chagua wali. Barszcz ya siku za katikati ya wiki huwa na chumvi nyingi kuliko nipendavyo. Kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa, ni ya matofaa mara nyingi, na wakati wa kiangazi huwa ya cheri. Mlo wa supu, pierogi na kompot hunigharimu zloti 30 hivi.

Mapungufu yapo na nitayasema. Meza ni chache, utakaa na usiowajua. Kwangu hiyo ni baraka: mzee mmoja aliposikia natoka Afrika alinisimulia bao la Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Nigeria aliyeichezea Poland, dhidi ya Marekani kwenye Kombe la Dunia la 2002, dakika kwa dakika, kwa Kipolandi cha haraka, bila kuniuliza hata mara moja kama naelewa. Nilielewa. Lakini si kila mteja ana moyo huo. Yupo bwana mmoja aliyewahi kuniingilia kwenye foleni na kumwambia keshia ninachotaka, kana kwamba mimi sipo. Keshia alimjibu, "Pani mówi," huyu mama anazungumza, akanigeukia tena. Jioni pia huwa wamechoka, majibu yanakuwa mafupi na mtu anayejifunza anaweza kudhani amechukiwa. Hajachukiwa. Wanajibu hivyohivyo kwa kila mtu.

Kwa wanaohitaji cheti cha Kipolandi cha kiwango cha B1, yaani cha kati, ambacho huombwa kwenye maombi ya uraia na ya ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, nasema wazi: sehemu ya kuzungumza niliiandalia hapa kuliko kwenye vitabu. Ingieni peke yenu, bila rafiki wa kuwatafsiria, na ukijibiwa kwa Kiingereza mahali pengine popote mjini, sema kwa upole, "Uczę się polskiego," najifunza Kipolandi. Wengi hurudi kwenye lugha yao mara moja, na wengine huona haya kidogo kwa kutokuuliza.

Wanafungua asubuhi mapema na kufunga jioni. Kadi wanapokea, lakini bebeni sarafu, keshia atawapenda. Leniwe, yale matonge madogo ya jibini yenye siagi na sukari, hupikwa kidogo tu, kwa hiyo fikeni kabla ya saa saba mchana.