Fail2ban kwenye seva ya barua pepe: uzoefu wangu

Nasimamia seva ndogo ya barua pepe ya ofisi yetu, programu ya Postfix juu ya mfumo wa Debian, watumiaji 40 hivi. Asubuhi moja barua ziligoma kuingia. Diski ilikuwa imejaa, na kilichoijaza ni mail.log, faili la kumbukumbu (logi) za barua: maelfu ya mistari inayofanana, anwani za IP za kigeni zikibahatisha nenosiri na kukosea.

Nikaweka Fail2ban. Inasoma logi, na anwani ikikosea mara 5 ndani ya dakika 10, inaifungia kwa dakika 10. Hiyo ndiyo mipangilio inayokuja nayo, na kwa barua pepe haitoshi hata kidogo. Wenye pupa walinyamaza siku ile ile. Wakabaki wavumilivu: anwani inajaribu mara moja, inatulia nusu saa, inarudi. Kwa dakika 10 humkamati mtu wa namna hiyo. Nilipoandika kwenye jail.local, faili la mipangilio yangu mwenyewe, findtime (muda wa kuhesabu makosa) ya saa 24 na bantime (muda wa kufungiwa) ya siku nzima, kisha nikawasha jela, yaani seti ya kanuni, ya recidive kwa wanaorudia, logi ilipungua kweli. (Msiguse jail.conf, faili la mipangilio inayokuja na programu; programu ikisasishwa mabadiliko yenu yanaweza kupotea.)

Lakini Fail2ban hufika baada ya tukio: mpaka mstari uandikwe ndipo ijue. Kwa hiyo nilizima kuingia kwa nenosiri kwenye poti (mlango wa mtandao) 25, ambayo ni ya seva kwa seva, wafanyakazi wakabaki na 587, ya watumiaji kutuma barua. Pia smtpd_client_connection_rate_limit ya Postfix, yaani mara ngapi anwani moja inaweza kuunganika, huwa 0, maana yake hakuna kikomo; niliweka 30 kwa dakika. Ningeanza na haya mawili kabla ya kitu kingine chochote.

Ugumu ni watu wetu wenyewe. Mwenzetu wa uhasibu alibadili nenosiri, simu yake ikaendelea kutuma la zamani kupitia Wi-Fi ya ofisi. Ofisi nzima inatoka kwa anwani moja, basi tukafungiwa sote, siku ya mishahara. Iliniuma sana. Anwani ya ofisi sasa iko kwenye ignoreip, orodha ya anwani ambazo Fail2ban haizifungii. Wanaotumia data ya simu siwezi kuwawekea kinga hiyo, kwani wateja wengi wa mtandao wa simu huchangia anwani moja na haikai vilevile. Hao wakikwama hunipigia, nami nawafungulia kwa fail2ban-client, amri ya mstari mmoja.