Optimus Prime wa 1984 au MP-10, yupi wa kuweka kabatini?

Wakuu, Optimus Prime ni yule roboti wa Transformers anayegeuka lori, na watu wanapenda kusema MP-10, toleo lake la baadaye la wakusanyaji, kamfuta yule mdoli wa zamani, mi nakataa kabisa.

Tuanze na wa 1984 basi. Hasbro waliuza Marekani mdoli ambao Takara wa Japani walishautengeneza kwenye laini yao ya midoli ya Diaclone, ambayo roboti zake ziliendeshwa na vijidoli vidogo, ndo maana kabini yake ina nafasi ya dereva mdogo. Ukimshika unasikia uzito, ana vipande vya chuma, matairi ya mpira, na vioo vya kifuani ndo vioo vya mbele vya lori lenyewe. Ila kusimama tu, hapigi hatua huyu, na ngumi zake zinachomolewa pembeni kabla hujamgeuza lori kwahiyo za mitumba nyingi zimeshapotea, hizo ndo za kuangalia kwanza kabla hujatoa hela, halafu ucheki na kromu ya mabomba ya moshi kama haijachubuka.

MP-10 ya Takara Tomy ilitoka 2011 na hapo ni dunia nyingine, magoti yanakunja, kiuno kinazunguka, ngumi zinaingia ndani ya mkono wenyewe hakuna cha kupoteza, ukifungua kifua unakuta Matrix, kile kito cha nguvu anachobeba kwenye hadithi, na bado trela ipo na shoka lipo. Tatizo feki zimejaa sokoni, angalia plastiki na viungo vizuri.

Kwa pozi na picha chukua MP-10. Mimi pesa yangu inaenda kwa wa 1984, hata bila boksi, mradi ngumi zote mbili ziwepo.