Uzoefu wangu: rufaa ya Mzee, kutoka kituo cha afya hadi hospitali kubwa na kurudi

Nianze na daftari. Ukifika kituo cha afya cha serikali hapa Kampala, kabla hujaulizwa unaumwa nini utaulizwa daftari liko wapi: lile la watoto wa shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Getini kwetu yuko mama anayeyauza shilingi 1,000, pamoja na chapati. Humo ndimo ugonjwa wako wote unamoandikwa, na mwenye kulitunza ni wewe. Mzee wangu, mwanajeshi mstaafu wa miaka 71, yuko kwenye daftari la nne. La tatu lilipotea wodini, na kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Mzee ana presha na sukari. Siku ya kliniki yao kituoni ni Jumatano. Manesi wanamjua, wanamwita Afande, naye hufurahi kusalimiwa Kiswahili na watu ambao siku nzima wanaongea Luganda. Kwa huduma hiyo peke yake sina neno baya: anapimwa, anapewa vidonge vikiwepo, na saa tano yuko nyumbani akilalamikia chai.

Kwa wasio wa huku: ngazi yetu huanza na wahudumu wa kijiji, wale VHT, halafu vituo vya daraja la II, III na IV, ndipo hospitali za wilaya, za mkoa na za taifa. Tangu 2001 hulipi ada ya matibabu kwenye vituo vya umma, isipokuwa ukiingia wodi za kulipia. Kwenye karatasi ni ngazi nzuri. Ila sisi watu wa Kampala tumekulia na fikra moja, kwamba ugonjwa ni Mulago, hospitali ya taifa. Hata baada ya hospitali za Kiruddu na Kawempe kujengwa ili kuipunguzia mzigo, bado wengi wetu tunaruka vituo vya karibu, kisha tunashangaa foleni. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Safari ya kwanza, basi, sikupitia kituoni. Mzee aliamka usiku na kichwa kinachopasuka, nikampakia boda, mimi nyuma yake nimemshika, hadi hospitali kubwa ambayo sitaitaja. Walimlaza siku 6. Kumtibu walimtibu vizuri, niseme haki. Siku ya kuruhusiwa nilipewa nusu karatasi yenye mwandiko wa mbio na mfuko wa dawa, nikaambiwa, “Endeleeni kwenye kituo chenu.” Daftari halikuonekana. Nesi wa zamu ya mchana alisema aliyelipokea ni wa zamu ya usiku.

Jumatano iliyofuata Mzee akaenda kliniki kama kawaida, peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa soko la Owino kwenye kibanda changu cha vitenge na wiki nzima sikuwa nimeuza kitu. Ile nusu karatasi aliiacha nyumbani. Kituoni wakatazama rejesta yao: Afande, amlodipini, kila siku. Wakampa. Kumbe hospitali walikuwa wamembadilishia, wakampa nifedipini. Dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja, zote hulegeza mishipa ili presha ishuke. Mzee ni askari, akipewa amri anatii: akazimeza zote mbili. Siku ya nne miguu imevimba hadi viatu havimwingii, akisimama anashika ukuta.

Aliyegundua ni nesi wa kituoni. Nilimpelekea Mzee na mfuko mzima wa dawa, akazimwaga mezani, akazipanga mbili mbili kama anacheza karata, halafu akanyamaza. “Dada,” akaniambia, “hizi nani kakupa pamoja?” Nikamwambia ni ninyi na wao. Hakukasirika. Alimwita afisa tabibu, wakazuia moja, wakamwekea Mzee miadi ya kupimwa presha kila siku ya pili.

Safari ya pili, miezi michache baadaye, ilikuwa ya kidonda cha mguu ambacho hakikutaka kufunga. Safari hii tulipita mlango unaotakiwa. Afisa tabibu alijaza fomu ya rufaa: nini kimeonekana, dawa gani anameza, kipimo cha sukari cha wiki tatu. Kisha akafanya kitu ambacho nawaambieni kina thamani kuliko ambulansi: alipiga simu, kwa salio lake, kwa mtu wa kliniki ya sukari kule hospitalini. “Nakuletea mzee wangu kesho asubuhi, mguu wa kushoto.” Tulipofika, jina lilikuwa linajulikana. Foleni ilikuwepo, usidhani tulipanda ndege, lakini hakuna aliyetuuliza upya hadithi ya tangu 2014.

Fomu ile ina sehemu ya chini, ya kujazwa na hospitali inayompokea mgonjwa: wamekuta nini, wametoa nini, nini kiendelee nyumbani. Mara ya kwanza sikujua hata kama ipo. Mara hii daktari aliijaza mbele yangu, akaandika kwa herufi kubwa ACHENI AMLODIPINI, akapiga picha na kuituma kituoni kwa WhatsApp. Wana kikundi chao, kliniki ile na vituo kadhaa. Nikiwa bado kwenye taksi nesi wa kituo akanipigia: “Tumeona. Mlete Alhamisi tumbadilishie bandeji.”

Kasoro zipo. Kikundi kile kinaishi kwa sababu watu wawili wanaelewana. Yule wa hospitalini alipoenda likizo, majibu yalikauka wiki tatu. Tena, hospitali inaweza kuandika dawa ambayo kituo hakina. Hospitali na vituo vya daraja la IV huagiza wenyewe kutoka bohari ya dawa ya taifa, lakini vituo vidogo vya aina ya chetu kwa miaka mingi vimekuwa vikiletewa kifurushi kilichokwisha pangwa, kila baada ya miezi miwili. Daktari wa juu anayeandika bila kuuliza “huko chini mna nini?” anamtuma mgonjwa akanunue duka la dawa la mtaani. Mwezi uliopita nililipa 38,000 kwa njia hiyo.

Nikitoa nyota: safari ya kwanza 2 kati ya 5, na zote mbili ni za matibabu ya wodini. Ya pili 4. Iliyobaki naiweka hadi simu ile isitegemee salio la mtu.

Sasa hivi kidonda kimebaki ukubwa wa kifungo cha shati. Daftari la nne nalifunga kwa mpira pamoja na nakala ya fomu, na nesi yeyote akitaka kubaki nalo namwambia apige picha. Mzee ananiona mkorofi. Jumatano anarudi kliniki, na safari hii kibanda nakifunga, naenda naye.