Uzoefu wangu: picha za kamera za THEMIS kwa mchunguzi wa aurora aliye Dar es Salaam

Ukiwa Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kununua kamera ya aurora, yaani mianga ya rangi inayoonekana angani karibu na ncha za dunia, ni kutupa pesa. Mimi natumia picha za kamera za THEMIS, mradi wa NASA wa kuchunguza aurora, zilizosimikwa Kanada na Alaska, ambazo Chuo Kikuu cha Calgary hutoa bure. Zimeniridhisha sana.

Kila kamera huona anga zima na hupiga picha moja kila sekunde 3, pikseli 256 kwa 256. Saa moja ni picha 1,200. Zikifunguliwa hula karibu MB 157 za kumbukumbu, hivyo pakua saa unayoihitaji tu, bando lisiishe bure. Majina ya faili hufuata UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa 3. Usiku wa manane wa Gillam, Manitoba, kwetu ni saa tatu na ushee asubuhi. Tafuta faili za saa 06.

Nazisoma kwa PyAuroraX, maktaba ya Python. Taja seti ya THEMIS_ASI_RAW na kituo gill (yaani Gillam), kisha tengeneza keogramu: ukanda mmoja wa pikseli, kaskazini hadi kusini, huchukuliwa katika kila picha na kupangwa kwa mfuatano wa muda. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Programu ikiachwa irekebishe mwangaza wa kila picha peke yake, tao hafifu la aurora litang'aa sawa na mlipuko uliofuata, yaani aurora inapong'aa ghafla na kutanuka, na dakika ya mlipuko kuanza haitaonekana tena. Tumia kipimo kimoja cha mwangaza usiku mzima.

Mawingu nayo hudanganya, kwa kuwa husambaza mwanga wa aurora kila upande. Angalia picha zenyewe: nyota zisipoonekana, achana na usiku huo.

Kujua latitudo ya aurora, chukua faili la vipimo vya anga (linaloonyesha kila pikseli inatazama wapi) la kituo hicho kwa tarehe husika, maana kamera ikiguswa, vipimo vya zamani havifai. Kimo cha kilomita 110 kinaifaa aurora ya kijani. Karibu na upeo wa macho kosa dogo la kimo husogeza tao mbali sana, kwa hiyo pikseli zilizo chini ya nyuzi 10 juu ya upeo huo mimi huzikata.

Upungufu mkubwa ni rangi. Kamera hizi hazina kichujio, hivyo hazitenganishi mwanga wa kijani (nanomita 557.7) na mwekundu (630.0). Kwa aurora nyekundu, nenda kwenye picha za REGO, kamera zenye kichujio cha mwanga mwekundu.