Nililipa shilingi 700 za kuangaliwa pikipiki tu: uzoefu wangu na fundi wa Kangemi

Ugonjwa wa pikipiki yangu niliujua kwa mayai. Alfajiri huwa nachukua trei 14 pale Wangige, nje kidogo ya Nairobi, yaani mayai 420, nazifunga nyuma kwa mipira na kushika Lower Kabete Road hadi Westlands na Parklands, kwa wenye vibanda na mikahawa wanaonunua kwangu. Siku ya kawaida hupasuka moja au mawili. Mwezi wa nne nikaanza kufika na saba, tisa, siku moja kumi na tatu, na hakuna mteja wangu anayelipia yai lenye ufa, hata ufa wenyewe uwe mwembamba kama unywele.

Ilikuwa hivi. Ukiitazama kutoka mbali utadhani barabara ile ni mteremko mtupu mpaka Westlands, lakini kila bonde lina mto wake na kila mto una kilima chake. Nikiwa napanda na mzigo wote, gia ya tatu, ghafla injini inapiga kelele kama imefunguliwa kamba, pikipiki inalegea, halafu kang'! inashika tena na kunitupa mbele. Yote hayo kwa sekunde moja, na matatu nyuma yangu inapiga honi. Kisha inatembea vizuri hadi mwisho wa safari kama si yeye. Kuna siku iliruka mara tatu. Kuna wiki haikuruka kabisa. Na kila nilipoipeleka kwa fundi ilikuwa imeshapona njiani.

Pikipiki yenyewe ni ya Kihindi, injini ya cc 150, ile ile mnayoiona kila steji, na nina mwaka wa nne nayo. Leva yake ya gia ina mikono miwili: ukikanyaga wa mbele kwa kidole gia zinapanda, ukikanyaga wa nyuma kwa kisigino zinashuka. Kumbukeni huo mkono wa nyuma.

Fundi wa kwanza, wa kwetu mtaani, hakuipanda hata mara moja. Nilipomwambia injini inapaa na pikipiki haiendi, akasema klachi imeisha. Pleti mpya, springi mpya, oili mpya, 2,900 pamoja na kazi. Simlaumu sana, kwa sababu klachi iliyokwisha nayo hufanya hivyo: kelele inapanda, mwendo uko palepale. Ila klachi huteleza kimyakimya, tena huteleza zaidi ukiwa gia kubwa, na ikishika haishiki kwa kishindo. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye, nikiwa nimeshalipa.

Wa pili nilimpata mjini, upande wa maduka ya spea ya Kirinyaga Road. Huyu alisikia "kang'" na hakutaka kusikia zaidi. Cheni inaruka, akasema. Nikanunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni), 3,200. Kusema kweli ile ya zamani ilikuwa imechoka, meno ya sproketi ya mbele yalikuwa yameanza kupinda kama ndoana, kwa hivyo pesa hiyo haikwenda bure yote. Wiki mbili za mwanzo wa mwezi wa tano haikuruka hata mara moja. Nikamsifu fundi huyo kila niliposimama. Wiki ya tatu, Jumanne, mayai kumi na moja.

Huyu wa Kangemi nilielekezwa na kijana wa boda aliyeniona nikimwaga ute kwenye mtaro. Yuko nyuma ya soko, hana bango, ana turubai moja la bluu, na chini ya turubai zimejaa pikipiki zake, si wateja. Sisi wateja tunakaa juani.

Kabla hajagusa chochote akanitajia bei: 700 za kuangalia, zinalipwa hata asipoona kitu, na kufungua kuna bei yake. Nilikasirika. Mimi nimezoea fundi analipwa kwa alichobadilisha, sijawahi kudaiwa pesa ya macho. Lakini nilikuwa nimeshamaliza zaidi ya elfu sita kwa waliobadilisha, nikatuma M-Pesa huku nimenuna.

Hakuchukua spana. Alichukua stuli, akakaa, akaanza kuniuliza.

"Inaruka gia gani?"

Ya tatu.

"Ya nne imewahi? Ya pili?"

Nikafikiri. Hapana.

"Ikiruka, mguu wako wa kushoto unasikia nini?"

Hapo nikanyamaza kidogo. Kumbe kila mara leva ilikuwa inanigonga chini ya kiatu, kigongo kidogo tu, na kwa vile hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mguu sikuwahi kuihesabu kama habari.

"Basi mathe, hiyo si cheni. Cheni haijui uko gia gani."

(Mathe, yaani mama! Ananizidi mimi kwa ndevu, nadhani hata kwa miaka. Lakini nililipokea.)

Kwa maneno hayo machache alinifundisha kitu ambacho 6,100 hazikunifundisha. Cheni ikiruka, au raba za habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, zikiwa zimekatika, utasikia katika gia yoyote ukiongeza moto kwa nguvu. Klachi nayo haichagui gia moja na kuziacha nyingine. Kitu kikitokea gia moja tu, kila mara ileile, na leva ikagonga mguu, tafuta ndani ya giaboksi au kwenye kile kinachoiamrisha giaboksi.

Hata hivyo hakujiamini kwa mdomo tu, na hapa ndipo nilipoanza kuona 700 zangu zinafanya kazi. Aliisimamisha kwa stendi ya katikati, akazungusha gurudumu la nyuma polepole huku akipima ulegevu wa cheni kwa vidole kila baada ya robo mzunguko, kuona kama kuna mahali inakaza na pengine inalegea. Akaivuta ile cheni nyuma ya sproketi kubwa kuona kama inaachana na meno. Akashika leva ya klachi na kuonyesha ule mchezo mdogo unaotakiwa kuwepo kabla waya haijaanza kuvuta. Usipokuwepo, klachi haifungi sawasawa hata ikiwa na pleti mpya. Kisha akaniuliza kama nina rangi ya kucha. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, nyekundu. Akachora mstari mmoja kutoka kwenye sproketi ya mbele kwenda kwenye shafti yake, na mwingine kutoka sproketi ya nyuma hadi habu. Mstari ukikatika, akasema, mojawapo inazunguka peke yake. Usipokatika tunaiacha.

Halafu akaipanda mwenyewe. Mayai aliyakataa. Alifunga mitungi miwili ya maji ya lita 20, akateremka hadi mtoni na kurudi akipanda, mara moja kwa gia ya nne, mwendo mdogo, moto wote, kujaribu klachi. Mara nne kwa gia ya tatu. Ikapanda kama mpya. Alirudi hana hata aibu. "Haijaumwa leo," akasema, akanipa daftari la kurasa nane. Niandike kila ikiruka: saa ngapi, wapi, gia gani, mzigo kiasi gani, injini ya moto au baridi, na hali ya hewa. Nirudi baada ya wiki.

Daftari hilo ni kazi ya kuudhi kuliko inavyosikika. Unaandika ukiwa umesimama kando ya barabara, vidole vimeganda, na wateja wanapiga simu. Lakini ndilo lililoua imani niliyoshikilia tangu mwanzo, kwamba inataka ipate moto kwanza. Jumatano iliruka mara tatu, ya kwanza saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kilima cha kwanza kabisa, injini bado baridi. Siku mbili zilizofuata, jua kali, injini inaunguza, hakuna. Jumamosi mara mbili.

Nilipomrudishia alisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Mistari ya rangi ya kucha ilikuwa mizima. Miruko mitano, yote ya siku mbili, na siku zote mbili nilikuwa nimeandika "mvua".

Hapo mwenyewe nikadhani ni maji yanaingia kwenye umeme. Akakataa: umeme ukikatika injini inanyamaza, yangu inapiga kelele. Akaniuliza siku ya mvua nafanya nini ambacho sifanyi siku ya jua. Nikasema sifanyi kitu, navaa koti la mvua na gambuti, basi. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa na raba. "Kesho njoo na gambuti."

Nikaja na gambuti, jua linawaka, watu wa sokoni wananitazama. Akaniambia nikae kama niko safarini, akachuchumaa upande wa kushoto na kuniita nijiangalie mwenyewe. Kisigino cha gambuti kilikuwa kimelala juu ya mkono wa nyuma wa leva. Si kwa nguvu. Uzito wa mguu tu. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeanguka kwenye tope kabla ya Kabete, upande huohuo, nikainuka, nikahesabu mayai na kuondoka. Leva ilipinda, na mkono ule ukabaki umesimama juu kiasi cha upana wa kidole. Kwa raba simgusi. Kwa gambuti namkanyaga safari nzima.

Alivyonieleza yeye, gia za ndani hazitoki na kuingia kama watu wanavyodhani. Huwa zimeshikana muda wote, na kinachofunga gia fulani ni vijino vilivyo ubavuni mwake, vinavyoingia kwenye matundu ya gia jirani vikisukumwa na uma mdogo wa chuma. Kisigino changu kilikuwa kinamvuta uma kidogo kidogo kuelekea gia ya pili. Kwenye tambarare vijino vinavumilia. Kwenye kilima, na mayai 420, vinateleza, injini inabaki haina mzigo, kisha vinagongana na kushika tena. Kang'. Zile wiki mbili za cheni mpya zilizonifanya nimsifu yule wa mjini, mvua ilikuwa imepumzika.

Matengenezo yenyewe hayazidi aya hii: leva mpya 450, akaifunga jino moja chini zaidi kwenye shafti yake ili mkono wa nyuma ulale. Kazi hakuidai.

Baada ya hapo akamwaga oili kupitia kitambaa cheupe na kunionyesha. Palikuwa na unga wa kijivu unaong'aa, ambao alisema ni wa kawaida kwa umri wake. Alichokuwa anatafuta ni vipande, na havikuwepo. Lakini hakunidanganya kwamba yameisha. Vijino vikishapigana miezi miwili kona zake huanza kuwa duara, na kona ya duara haishiki kama kona kali. Kujua kiasi gani lazima injini ipasuliwe katikati. Akanitajia 8,500 pamoja na gia zake na kuniambia nisifanye sasa, nisubiri kama itaanza kuruka nikiwa na raba.

Hii ni wiki ya saba. Imeruka mara mbili, zote nilikuwa nimeingiza tatu kivivu, nikiwa nimechoka. Mayai, moja au mawili kwa siku.

Sasa kero zake, maana ninazo. Simu yake huzimwa kuanzia saa sita na huwezi kujua kama yupo mpaka ufike. Ukimkuta kijana wa boda ana shida, anapita mbele yako, kwa hoja kwamba yule anadaiwa na mwenye pikipiki jioni. Mimi nilikaa juani saa tatu nzima siku ya kwanza, na mayai pia yana jioni yao. Hatoi risiti. Ukitaka mtu wa kubadilisha kitu haraka uende zako, huyu si wako. Na kama pikipiki yako imekufa kabisa, haiwaki, haisogei, nadhani 700 hizo ni za bure, kwa sababu ugonjwa unaoonekana fundi yeyote wa steji atauona. Huyu ni wa ule ugonjwa unaojificha.

Mkienda, muulizeni chupa yangu ya rangi ya kucha. Mara ya mwisho niliiona kwenye sanduku lake la spana, imebaki nusu.